Shangazi na Bahari Isiyokupwa

Siku ya 1, Jumamosi. Port Everglades, Florida

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pweza. Maji yakipwa Shangazi aliteremka mwambani, ndoo mkono huu, kijiti cha kuchokolea mkono ule, na alichorudi nacho kikawa daftari, sare na nauli yangu. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisikia nimempandisha mama wa miaka 63 kwenye meli ya watalii hudhani tumefuata vyakula na muziki. Mimi nilitaka aone kwa macho yake kile alichokuwa akikipapasa kwa kijiti miaka arobaini. Hajui kuogelea, na hajawahi kutia uso kwenye maji ya chumvi akiwa amefumbua macho.

Ndugu zangu wote wameniuliza kwa nini nisifanye hivyo kwetu. Kwetu Shangazi akigusa maji anahesabu. Anahesabu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, anahesabu kilo, anahesabu nani amepita mwambani kabla yake. Akiingia baharini anaingia kazini. Alipokuja kunitembelea huku Marekani Januari hii nikaona wakati umefika wa kumtafutia bahari isiyomdai kitu.

Safari ni ya siku nane: siku mbili za bahari tupu, siku moja St. Thomas katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, siku moja Sint Maarten, kisha bahari tupu tena hadi hapa tulipoanzia. Kabla ya kulipa nilihakikisha viza ya Shangazi inamruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja. Meli ikifika Sint Maarten umeshatoka Marekani, na kurudi Florida ni kuingia upya. Anayepanga safari kama hii aanze na karatasi hiyo, mengine yatafuata.

Kabla meli haijaondoka kila abiria hupita kwenye kituo chake cha dharura na kuoneshwa namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Shangazi alilivaa, akalifunga, akalivua, akalifunga tena mpaka mikono ikazoea. Wenzetu walikuwa wameshapanda juu kutazama mji ukiachwa nyuma.

Siku ya 2, Jumapili. Baharini

Leo tumesoma. Nilinunua miwani miwili ya kuzamia na mirija yake kabla ya kuondoka, kwa sababu kifaa cha kukodi hakijui uso wako. Kuna jaribio rahisi: weka miwani usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta pumzi kwa pua, kisha uachie mikono. Ikishika yenyewe, inakufaa. Ya Shangazi haikushika mara ya kwanza. Nikatazama vizuri, kumbe ukingo wa mtandio wake ulikuwa umeingia chini ya mpira kwenye paji la uso. Uzi mmoja tu wa kitambaa, au nywele chache, unatosha kuingiza maji. Tukarudisha mtandio nyuma kidogo, akavuta pumzi, na miwani ikamng'ang'ania.

Kisha nikajaza sinki la chumbani maji. Akainama, mrija mdomoni, akatia uso. Sekunde tatu, akainuka anahema.

"Kifua kinakataa," alisema. "Kinaniambia hapa si pa kupumulia."

"Kifua kinasema kweli, Shangazi. Kimezoea hivyo tangu uzaliwe. Kipe muda."

Akarudi. Sekunde kumi. Mara ya nne nilisikia pumzi yake ikitoka kwenye mrija ndefu na tulivu, kama ya mtu aliyelala. Tulikaa na lile sinki karibu saa nzima, na nasema bila kusita kwamba hiyo ndiyo saa iliyoifanya siku ya nne iwezekane. Wengi hujifunza kupumulia mrija siku hiyohiyo ya ufukweni, wimbi linawapiga, watu wamewazunguka na saa inakimbia. Mwili ukishtuka hapo, siku nzima imekwisha.

Siku ya 3, Jumatatu. Baharini

Maji yamekuwa ya buluu nzito kama wino. Shangazi aliniuliza kina chake. Nikamwambia kwamba kaskazini ya Puerto Rico ndiko kuna shimo refu kuliko yote katika bahari ya Atlantiki, zaidi ya mita 8,000 kwenda chini. Akashika ukingo wa sitaha kwa mikono miwili, akanyamaza muda mrefu.

Jioni nilipanga mkoba. Mafuta ya jua niliyasoma kibandiko chake kwa makini, kwa sababu Visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku kuuza, kuingiza na hata kutumia mafuta yenye kemikali za oksibenzoni, oktinoksati au oktokrileni. Sheria hiyo inafanya kazi tangu tarehe 30 Machi 2020, kwa ajili ya kulinda matumbawe. Yanayoruhusiwa ni yale ya madini, yenye zinki, yanayoacha weupe usoni. Shangazi hayahitaji sana: nguo yake ya kuogelea inamfunika mpaka vifundo vya mikono na miguu, na kitambaa ni kinga bora kuliko mafuta yoyote.

Usiku kipaza sauti kilitangaza kwamba saa za meli zinasogezwa mbele saa moja, zifuatane na saa za visiwani. Nikasogeza ya simu yangu. Shangazi alikuwa ameshaswali Isha na kulala.

Siku ya 4, Jumanne. St. Thomas na St. John

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya hapa yanapwa saa ngapi?"

Alikuwa kwenye sitaha tangu alfajiri. Meli inaingia taratibu bandari ya Charlotte Amalie, vilima vya kijani pande zote na nyumba zenye mapaa mekundu zimepanda mpaka juu. Nikamwambia hapa maji hayapwi. Tofauti ya kujaa na kupwa katika visiwa hivi haifiki hata nusu mita, ilhali kwetu bamvua likishuka linaondoka na karibu mita 4 za maji. Hakuniamini. Tuliposhuka gatini Havensight alikwenda moja kwa moja kutazama nguzo. Nguzo za kwetu zina alama ndefu ya chaza na ukoga, kuanzia maji yanapofika juu hadi yanapoishia chini. Hizi zilikuwa na ukanda mwembamba kama mshipi.

"Kweli," alisema. "Bahari hii haiendi popote."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mwisho wa kurudi melini ni saa kumi na nusu, na saa kumi na moja meli inaondoka. Hapo kuna uamuzi ambao kila msafiri wa meli lazima aufanye. Ukinunua ziara ya meli yenyewe na basi likachelewa, meli inakusubiri. Ukienda mwenyewe, haikusubiri. Ziara ya meli kwenda St. John, kisiwa jirani, ilikuwa inatoa muda mfupi mno ufukweni, na Shangazi si mtu wa kuharakishwa majini, kwa hiyo nikachagua kwenda wenyewe. Nilipanga tuondoke ufukweni saa saba na nusu, tupande boti ya saa nane. Mpango ulikuwa mzuri, nami niliuandika kwenye karatasi.

Teksi za hapa hutoza kwa kichwa, na viwango vyake vimepangwa na serikali. Mbele yetu kulikuwa na mtu aliyemwendea dereva akamuuliza bei bila neno jingine. Dereva akamtazama kimya, kisha akamwambia: "Habari ya asubuhi." Visiwani hapa salamu ndiyo mlango. Ukiingia dukani, ukipanda gari, ukitaka kuuliza njia, unasalimia kwanza, na walioko wote wanakuitikia. Shangazi, ambaye Kiingereza chake ni salamu na shukrani tu, alimsalimia dereva kwa mikono yote miwili, akamuuliza kwa ishara kama amelala vizuri. Tukawekwa kiti cha mbele.

Gari zinakwenda upande wa kushoto wa barabara kama kwetu, ila usukani nao uko kushoto, kwa kuwa magari yanatoka Marekani bara. Nusu saa ya kupanda na kushuka milima hadi Red Hook, boti ya saa nne, na dakika ishirini za mkondo wenye upepo. Kwenye boti Shangazi alitazama nyuso za watu, wafanyakazi na wanafunzi na akina mama na mizigo yao, akaniuliza polepole: "Hawa ni wetu?"

Nikamweleza. Wadenmark walikikalia kisiwa cha St. John mwaka 1718 na kukijaza mashamba ya miwa yaliyolimwa na watu waliotekwa Afrika. Mwezi Novemba 1733 watumwa, wengi wao Waakwamu kutoka nchi ambayo leo ni Ghana, waliichukua ngome ya Coral Bay, na karibu kisiwa chote kikawa mikononi mwao kwa miezi kadhaa, hadi askari wa Ufaransa walipoletwa kutoka Martinique mwaka uliofuata. Uhuru ulikuja tarehe 3 Julai 1848. Mwaka 1917 Denmark ikaviuza visiwa hivi kwa Marekani kwa dola milioni 25 za dhahabu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Tulipokaribia Cruz Bay alisema, "Walishika ngome," akalirudia, kama mtu anayetia kitu mfukoni asije akakipoteza.

Kutoka Cruz Bay hadi ufukweni tulipanda gari lililo wazi pande zote, lori lililotiwa viti vya mabenchi na paa la kivuli. Gari za namna hii zinaitwa "safari". Nilipomtafsiria Shangazi jina hilo alimgonga dereva begani, akajielekeza kidole kifuani, akasema: "Safari. Neno letu." Dereva akaomba amtamkie tena, naye akalitamka, na njia nzima ya North Shore, inayopinda juu ya bahari kama utepe uliotupwa mlimani, walikuwa wakirushiana neno hilo kila kona.

Trunk Bay, ufuko tuliokuwa tunaufuata, iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Visiwa vya Virgin, iliyoanzishwa 1956 kwa ardhi aliyoitoa tajiri wa Marekani Laurance Rockefeller. Zaidi ya nusu ya kisiwa ni hifadhi. Kiingilio ni dola 5 kwa mtu mzima. Mchanga ni mweupe mpaka unaumiza macho, na katikati ya ghuba kimesimama kisiwa kidogo cha mawe na vichaka, ambacho pembeni yake, chini ya maji, kumetengenezwa njia ya waogeleaji ya karibu mita 200, yenye vibao sakafuni vinavyoeleza unachokiona. Ukingoni mwa mchanga nilimwonesha mti wa manchineel, wenye vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Utomvu wake unababua ngozi, tunda lake ni sumu, na mvua ikinyesha hupaswi kujikinga chini yake. Shangazi akahamisha kanga yetu hatua thelathini mbali nao.

Watu walikuwa wengi. Meli zote zilizotia gati asubuhi zina wazo moja, na kuanzia saa nne hadi saa nane ufuko huu unajaa. Tukaenda mwisho wa mchanga, ambako wengi hawafiki. Januari pia huleta mawimbi makubwa kutoka kaskazini, na yakija ghuba hii haifai kuogelea, kwa hiyo nilisimama kwanza nikayahesabu. Yalikuwa madogo. Shangazi naye alikuwa anayahesabu.

Tukavaa mapezi tukiwa tayari ndani ya maji ya magotini, tukatembea kinyumenyume, kwani ukitembea mbele na mapezi unaanguka. Akavaa jaketi la kuelea. Maji yalipofika kiunoni akapiga magoti, akanishika mkono, akatia uso.

Nilitazama mrija wake. Pumzi ya kwanza fupi. Ya pili fupi. Ya tatu ikatoka ndefu, ileile ya kwenye sinki. Kisha akafanya kitu ambacho sikumfundisha: akanyoosha miguu nyuma na kulala juu ya maji.

Tulikwenda hivyo, mkono kwa mkono, mimi napiga mapezi kwa ajili ya wawili. Mchanga ukaisha, mawe yakaanza, kisha matumbawe. Lilipita kundi la samaki wadogo wa mistari, likagawanyika mbele yetu na kuungana nyuma. Pono wawili walikuwa wanakwangua mwamba, na chini ya maji mkwaruzo wa meno yao unasikika wazi kabisa. Shangazi akaniminya mkono. Akainua kichwa, akatema mrija.

"Wanatafuna jiwe!"

"Wanatafuta ukoga ulioko kwenye jiwe. Jiwe wanalisaga na kulitoa mchanga. Sehemu ya mchanga ule tuliokanyaga imepita matumboni mwao."

Akatazama ufuko mzima kutoka mwisho hadi mwisho, akarudi chini.

Kwenye kibao kimoja nilisoma, nikainuka kumtafsiria: usiguse, usisimame juu ya matumbawe, ni wanyama hai. Alielea akiwa ameshika kamba ya boya, maji yakichuruzika usoni.

"Wanyama?"

"Wadogo sana, maelfu kwa maelfu. Lile jiwe ni nyumba waliyoijenga wao."

"Mimi nimeyatembelea miaka yote hiyo," alisema. "Kwa viatu vya plastiki. Nilikuwa nakanyaga watu nyumbani kwao."

Sikuwa na jibu. Ada yangu ilipita kwenye viatu hivyo. Nilimshika mkono tu, na baada ya muda akarudisha uso majini mwenyewe.

Mwamba huu haujambo nusu. Kuna upepeo wa bahari, mnyama wa rangi ya zambarau aliyetandazwa kama pepeo la ukili, unayumba na kila wimbi. Lakini kuna madonge makubwa yaliyokufa, ya kijivu, yamefunikwa ukoga. Mwaka 2019 visiwa hivi viliingiliwa na ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe na kuacha mfupa mweupe. Mapema 2022 walianza kufa wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, ambao kazi yao ni kula ukoga usiwafunike matumbawe, na vifo hivyo vilionekana kwanza kule St. Thomas. Joto la bahari la 2023 likaja juu ya yote hayo. Shangazi hakujua mwaka hata mmoja kati ya hiyo. Alielea juu ya donge moja kwa muda mrefu, akainuka akasema: "Huu umechoka. Ule pale una nguvu. Huu umechoka." Akanionesha mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai, ambao mimi sikuwa nimeuona.

Kisha akanivuta. Alinivuta yeye, mimi nikafuata. Alikuwa ameelekeza kidole kwenye tundu chini ya jiwe, mahali ambapo waogeleaji watatu walikuwa wamepita bila kugeuka. Mbele ya tundu kulikuwa na kijilundo cha makombe matupu na vijiwe vilivyopangwa. Niliangalia, sikuona kitu. Akatikisa kidole: hapo, hapo. Kivuli kikapumua. Jicho moja likatutazama, na ngozi kulizunguka ikageuka kutoka kahawia kuwa rangi ya mchanga na kurudi.

Pweza. Alimjua kwa taka za mlangoni pake, kama alivyowajua wote.

Sijui tulikaa pale muda gani. Shangazi alikuwa ameweka mikono yake kifuani, viganja vimekunjwa ndani. Pweza alitoa mkono mmoja, akasogeza kijiwe, akaurudisha. Tulipoinuka miwani yake ilikuwa na maji ndani, na haikuwa imevuja.

"Sikuwahi kumwona akiwa hana hofu," alisema.

Tukarudi mchangani. Nikamuuliza saa, akatazama mkononi. Saa sita na nusu. Vizuri, nikasema, tuna saa nzima, na tukaingia tena. Tulipotoka mara ya pili ilikuwa saa saba na dakika kumi, bado mapema. Nikatoa simu kwenye mfuko usiopenya maji, nimpige picha na miwani yake kichwani.

Simu ilisema saa nane na dakika kumi.

Nilihisi baridi kwenye jua lile. Saa yake ya mkononi ilikuwa bado ya Florida. Tangazo la jana usiku nililisikia mimi peke yangu, nikasogeza saa yangu na ya mwenzangu nikaiacha. Boti ya saa nane ilikuwa imeshaondoka. Shangazi alinitazama usoni, hakuuliza kitu, akaanza kukunja kanga. Dakika kumi baadaye tulikuwa barabarani na nguo zinachuruzika.

Boti ya saa tisa. Red Hook saa tisa na dakika ishirini. Kisha foleni, kwani alasiri magari ya St. Thomas husongamana, na njia iliyotuchukua nusu saa asubuhi ilituchukua dakika hamsini. Dereva, baada ya salamu kamili ambazo Shangazi hakuzifupisha hata kwa haraka ile, alipita njia ya juu ya mlima. Nilikuwa nahesabu vituo. Pasipoti zetu ziko melini, mizigo yetu iko melini, dawa za Shangazi za presha ziko melini. Hilo la dawa ndilo lililonikaa kooni. Tangu leo, zinakwenda popote anapokwenda.

Saa kumi na robo tuliteremka Havensight. Ngazi ya meli ilikuwa bado wazi. Nyuma yetu walikuja watu wawili wanakimbia, na gatini wafanyakazi wawili wakiwapungia mikono.

Chumbani nilimwomba radhi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anaizungusha saa yake mbele polepole mpaka ikalingana na yangu.

"Ningejua kuna saa nzima imefichwa," alisema, "ningeomba tukae naye tena."

Siku ya 5, Jumatano. Sint Maarten

Kisiwa kimoja, tawala mbili: kusini ya Uholanzi, kaskazini ya Ufaransa, kwa mkataba wa 1648. Philipsburg ina mtaa mrefu wa maduka ya vito na saa, na hatukuingia hata duka moja. Shangazi alivaa nguo yake ya kuogelea tangu chumbani. Ghuba iliyo mbele ya mji ni mchanga mtupu, hakuna mwamba, nikamwambia hakuna cha kuona. Akasema ataona mchanga. Aliingia bila kunishika mkono, maji ya kifuani, jaketi lake limefungwa kamba zote, akatia uso na kukaa humo akitazama mchanga unavyojipanga mistari, na alipotoka alinieleza mwelekeo wa mkondo.

Saa nane tulikuwa tumeshapanda melini. Aliitazama saa yake mara tano.

Siku ya 6 na ya 7. Baharini

Upepo, mawimbi ya ubavuni, watu wengi wamejilaza. Shangazi hana habari na kuchafukwa na bahari. Ameshona upya mkanda wa miwani uliokuwa umeanza kuachia. Ameniambia habari za mwamba wa kwetu ambazo sikuwahi kuzisikia utotoni: upi ulikuwa na pweza wa mawe, upi ulikuwa na kasa, ni mwaka gani samaki walipungua, nani alianza kuvuta nyavu zenye matundu madogo. Nilikuwa nadhani naijua kazi yake. Nimejaza kurasa kumi na moja za daftari.

Usiku wa mwisho tulisimama nyuma ya meli, povu likikimbia gizani.

"Wale pono," alisema, "usiku wanalala wapi?"

Hilo nilikuwa nalijua. Nikamwambia kwamba baadhi yao, giza likiingia, hujipenyeza chini ya jiwe, wakatoa ute mdomoni, ute ukawazunguka mwili mzima kama mfuko mwembamba unaopitisha mwanga, wakalala humo mpaka alfajiri. Wataalamu wanasema unawakinga na wadudu wanaonyonya damu.

Shangazi alifikiri.

"Chandarua," alisema. "Wanatunga chandarua." Akajifunga kanga vizuri mabegani, akaendelea kutazama chini, kule weusi wa maji ulikokuwa umewafunika wote.